Reli Iliyoukwepa Mgomba

Treni ya Raymond ilianguka tena pale pale, kwenye kona ya nyuma ya jiko. Kichwa kililala ubavu huku magurudumu yakizunguka hewani, na behewa la mwisho, alilolitengeneza kwa kopo la rangi, likabaki peke yake juu ya reli kama abiria aliyeachwa.

Hakukasirika. Raymond hakuwa mtu wa kuvikasirikia vyuma. Alichomoa waya wa betri, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akalaza pimamaji juu ya reli zote mbili. Kiputo kikakimbilia upande wa nje. Reli ya nje ilikuwa imeinuka tena, ingawa juzi tu aliishindilia kokoto mpaka ikakaa sawa. Basi akazifukua zile kokoto kwa vidole, akang'oa taruma moja, kipande cha mti kinachobeba reli, na chini yake akakikuta kilichokuwa kikimsumbua: ncha ya kijani, imekaza, inapanda bila kumwomba mtu ruhusa.

Lilikuwa chipukizi la mgomba. Alilifahamu mara moja, kwa sababu mgomba wenyewe aliukata yeye.

Anayetaka kumwelewa Raymond inabidi aanzie Kintinku. Huko ndiko alikokulia, Ugogoni, katika nyumba iliyokuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita sahani zilicheza kabatini. Alipokua akasomea kazi ya maabara, na serikali ikampangia Kasulu, kwenye milima ya Waha, kwenye mvua na ukungu wa asubuhi, mahali ambapo reli haifiki. Huku anayetaka treni hushuka hadi Uvinza au Kigoma. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mwaka wa pili akaanza kuusikia mlio wa treni usingizini. Mwaka wa tatu akaanza kuijenga.

Hakufundishwa na mtu. Alikwenda sokoni kwa Bazilio, fundi wa kusubu sufuria, akamchorea chini kwa kijiti kwamba anataka magurudumu madogo yenye ukingo upande mmoja. Bazilio akayeyusha alumini ya injini chakavu. Gurudumu la kwanza lilitoka na tumbo, la pili likatoka limepinda, na la tatu Bazilio mwenyewe aliligeuzageuza mkononi akasema hili hata asipolipwa ataridhika kulitazama tu. Reli zilikuwa nondo nyembamba. Mataruma yalikuwa vipande vya mkaratusi vilivyolowekwa kwenye oili chafu ili mchwa wasivipende. Mota ilitoka kwenye waipa ya Fuso, betri kwenye pikipiki, na kwa kuwa mvua za huku hazina mzaha, alipitisha mabomba ya plastiki chini ya tuta ili maji yapate njia yake na treni ipate yake.

Reli ilianzia barazani, ikateremka kwenye mchaichai, ikauzunguka mparachichi, ikapita nyuma ya jiko na kurudi ilikotoka. Barazani paliitwa Kintinku. Chini ya mparachichi paliitwa Kigoma. Watu wa mtaa walikuja kutazama, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa namna isiyo ya kusifu wala ya kulaumu.

Tatizo lilikuwa kona. Kichwa cha treni alikiunda kirefu, na kitu kirefu hakipendi kona kali. Ile ya nyuma ya jiko ilitaka nafasi, na kwenye nafasi hiyo palisimama mgomba mnene uliozungukwa na watoto wake. Raymond aliutazama kwa siku nyingi. Kwao mgomba ni mali ya wenye maji. Yeye ndizi alizijua kwa kuziona zikipandishwa dirishani kwa abiria. Huku aliona migomba kila mahali, na watu wakiikata kila siku, majani wakifunikia vyungu, mashina wakiwatupia ng'ombe. Akahesabu kuwa huu hauna tofauti na mwingine. Mwenye nyumba alikuwa Kibondo, na siku ya kuondoka alimwambia kwa kinywa chake kwamba uani pale afanye apendavyo. Mvua za kwanza zilipoanza akaukata pamoja na watoto wake, akasawazisha, akamwaga kokoto, akapitisha reli juu.

Sasa ulikuwa unarudi. Raymond akanyoosha mkono kulichukua panga.

"Dokta, hebu weka hilo panga chini."

Aliyesema alikuwa Tunu, jirani yake, fundi cherehani. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua wa minyaa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, na ilionekana amesimama hapo kwa muda. Tunu alizaliwa Ujiji, akaolewa Kasulu na Omary mwenye duka, na mambo ya Waha alikuwa ameyajifunza kama watu wanavyojifunza mambo ya ukweni, yaani kwa kusikiliza sana na kuuliza kidogo.

Alimweleza taratibu. Kwamba Waha mtoto wao akizaliwa, kitovu kikidondoka, huzikwa chini ya mgomba nyuma ya jiko, na tangu siku hiyo mgomba huo ni wa mtoto. Kwamba huu alioukata ulikuwa wa Marselino, kifungua mimba wa mwenye nyumba. Na kwamba kumkatia mtu mgomba wake naye yuko safarini ni kumkatia njia ya kurudi.

Raymond akauliza Marselino yuko wapi, ingawa alijua. Yuko Mpanda, kwenye machimbo ya dhahabu.

"Si ndiyo hapo sasa," Tunu akasema. "Tangu mvua zianze hapatikani. Omary kapiga, mimi nimepiga. Simu inaita, haipokelewi. Wewe uliukata lini?"

Raymond akalisogeza panga nyuma ya mgongo wake.

"Mimi sisemi ni wewe," Tunu akaongeza, kwa uso wa mtu ambaye ameshasema. "Mgeni kipofu japo ana macho. Ila Mama Marselino akirudi, usije ukasema hukuambiwa."

Kisha akarudi kwenye cherehani yake, akamwacha Raymond amepiga magoti mbele ya lile chipukizi kama anayeungama kwa padri.

Yeye ni mtu wa hadubini. Hakuamini kwamba panga likikata Kasulu mtu anaweza kupotea Mpanda. Lakini alivyozidi kufikiri ndivyo alivyoona kwamba kutoamini kwake hakumpi haki ya kukikata kitu cha mtu mwingine. Na yule mtu mwingine alikuwa Mama Marselino. Jina lake Valeria, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Raymond alipofika Kasulu na sanduku moja, ndiye aliyempa vyumba vya mbele na akamletea ugali wa muhogo kabla hajauliza atalipaje. Baba yake Raymond alipofariki, yeye ndiye aliyemsindikiza stendi alfajiri na furushi la maharage ya matanga, akamwambia msiba hauendewi mikono mitupu hata kama ni wa kwenu. Alimwita mwanangu, na halikuwa neno la adabu tu. Raymond aliogopa kitu kimoja: siku mama huyu atakapojua, neno hilo lisitoke tena.

Mama Marselino alikuwa Kibondo kumlea binti yake Herieth, aliyejifungua. Kila juma alipiga simu. Raymond alimuuliza hali ya mjukuu, yeye akamuuliza kama treni haijamgonga mtu, na wote wawili wakacheka. Baada ya maneno ya Tunu, simu hizo zikawa ngumu. Mara moja alijikaza akauliza habari za Marselino. Halafu mama akasema, "Mungu anamtunza," akageuza maneno, akaanza kueleza jinsi mvua ilivyoharibu mahindi upande wa Kitahana. Raymond akakata simu na moyo ulioshuka mpaka kwenye soli.

Akafanya alichojua kufanya, kutengeneza.

Aliing'oa kona yote. Chini yake alikuta machipukizi mengine, manene kwa membamba, yamesukumana gizani. Akayazungushia ua wa fito, akayawekea mbolea ya ng'ombe, akayamwagilia hata siku za mvua, jambo lililomfanya Tunu asimame kwenye minyaa na kutikisa kichwa. Kisha akatafuta njia mpya ya kupitisha reli, na njia iliyokuwepo ilikuwa kati ya fito zile na ukuta wa jiko. Kona yake ilikuwa kali kuliko yoyote aliyowahi kujaribu.

Kichwa cha treni kisingeweza. Hapo Raymond alikaa kibarazani jioni nzima akikitazama. Ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote kwenye reli ile. Alikipaka rangi mara tatu mpaka ikakubali. Mwisho akachukua msumeno wa chuma, akakikata katikati, akakiunga kwa pini ili nusu ya mbele ianze kugeuka kabla ya nusu ya nyuma, kama jongoo. Kikawa na sura mbaya. Lakini kikapita.

Kila Tunu alipopita kwenye ua, Raymond aliuliza habari, na habari zilikuwa zile zile. Marselino hapokei.

Ikaja siku Mama Marselino akapiga kusema Herieth ana nguvu sasa, kesho anapanda gari. Raymond aliomba ruhusa kazini, akaenda stendi kumpokea. Alipanga kumwambia wakishafika nyumbani, ameshakunywa maji, ameshapumzika. Lakini gari la Kibondo lilipofika, na mama yule mfupi akateremka na kikapu cha karanga kichwani na kanga mbili kiunoni, akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwanangu," mpango wote ukaharibika.

"Mama, nina neno. Nataka kulisema kabla hatujafika."

Mama Marselino akamtazama. "Umemgonga mtu na ile treni?"

"Hapana, Mama."

"Unahama?"

"Hapana."

"Basi lisemee njiani. Kikapu ni kizito."

Raymond akakipokea kikapu, na wakitembea akasema yote. Kwamba aliukata mgomba wa nyuma ya jiko. Kwamba hakujua ni wa Marselino, wala hakuuliza. Kwamba aliambiwa baadaye, na kwa majuma yote hayo alizungumza naye kwenye simu akicheka huku amelificha. Hakujitetea kwa kuwa mgeni. Alipomaliza alikuwa na jasho, na si la kikapu.

Mama Marselino alikaza kanga kiunoni. Aliendelea kutembea. Alisalimiana na watu barabarani, akajibu maswali ya mjukuu, ni mvulana au msichana, anafanana na nani; kwa Raymond hakugeuka. Walipita duka la Omary, wakapita msikiti, wakaingia kwenye uchochoro wa nyumbani, na kwa njia yote ile Raymond alisikia karanga tu zikisuguana kikapuni.

Walipofika hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama mbele ya ule ua wa fito. Alitazama machipukizi, akatazama mbolea, akatazama reli iliyojikunja ikiyakwepa mpaka ikakaribia kupanda ukuta. Akakitazama na kile kichwa cha treni kilichokatwa katikati.

"Nani alikuambia kitovu kiko hapa?" akauliza.

"Niliambiwa tu, Mama."

"Hm."

Akaingia jikoni. Raymond akabaki nje, hajui kama amefukuzwa au ameambiwa asubiri. Ndipo sauti ikatoka ndani ikimwita. Alimkuta mama amesimama katikati ya jiko, kwenye sakafu ya saruji, kando ya mafiga.

"Simama hapa," akamwambia, na Raymond akasimama. "Marselino alipozaliwa hapakuwa na jiko hapa. Jiko lilikuwa la nyasi, kule kwenye tanki. Mgomba wake ulikuwa hapa ulipoweka miguu. Mgomba haukai mahali pamoja, mwanangu. Mama anazaa kando yake, anakufa. Yule mtoto naye anazaa kando, anakufa. Kila mwaka unasogea kidogo. Ukiwa mtu wa kutazama, unauona unatembea. Huo uliokata wewe ulikuwa umeshatembea mpaka nje huko. Kitovu kimebaki hapa hapa."

Raymond akatazama chini. "Chini ya saruji?"

"Nilitaka jiko la matofali. Marselino alikuwa ameshaenda Mpanda mara ya kwanza. Saruji niliimwaga mimi mwenyewe, na fundi akishika koleo." Akacheka kwa pua. "Na Krismasi ile akaja, akala kuku humu humu."

Raymond hakuweza kucheka bado. Alisema kwamba hata hivyo mgomba ulikuwa wa Marselino.

"Wake, ndiyo," mama akakubali, na uso wake ukatulia. "Ungeuliza ningekuambia kata hili, acha hili. Hukuuliza. Hilo ndilo kosa lako, na halina ukubwa zaidi ya hapo. Usilikuze."

Raymond akaitikia kwa kichwa, lakini bado alikuwa na neno. Akasema taratibu kwamba Marselino hapokei simu. Mtaa mzima unajua.

Mama Marselino akachungulia dirishani upande wa minyaa. Akapunguza sauti.

"Mtaa mzima ndio umemfanya asipokee. Saady wa uchochoro huu anataka atafutiwe kazi. Omary anataka aletewe mzani. Tunu anataka hereni, na rafiki yake Tunu anataka hereni. Akachukua namba mpya, ile ya zamani anaiacha iite tu. Naongea naye kila Jumapili, anaumwa meno tu."

"Mimi uliniambia Mungu anamtunza."

"Kwani hamtunzi?"

Hapo Raymond akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Mama Marselino akamwacha acheke, kisha akachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka. Kabla Raymond hajamfikia, alikuwa ameshaivunja ile fito ya kwanza kwa mguu. Panga likashuka mara moja, chipukizi nene kuliko yote likalala. Likashuka tena.

"Mama!"

"Haya ya majani mapana ni ya maji tu," mama akasema bila kusimama. "Yananenepa, hayazai. Umeyalisha bure." Aliendelea kufyeka mpaka likabaki moja, jembamba, lenye jani kama upanga, ambalo Raymond alikuwa karibu kulisahau kwenye kumwagilia. "Hili ndilo. Limejua lenyewe pa kukaa, mbali na chuma chako. Mwakani utalila."

Raymond alitazama fito zilizovunjika, na kazi ya majuma yote ikiwa imelala chini kama majani ya ng'ombe, akaona hana uchungu nayo hata kidogo. Akamwambia mama kwamba bado anataka kumwomba radhi mwenyewe mwenye mgomba.

Mama Marselino akafuta mikono kwenye kanga, akabonyeza simu, akampa. Marselino alipokea upesi, kwa sauti ya mtu mwenye shavu lililovimba. Raymond akajitambulisha, akaeleza. Upande wa pili palikuwa na kelele za mashine, kisha kicheko kilichokatishwa na maumivu.

"Kaka, juu ya kitovu changu mama anapikia maharage miaka yote hii," Marselino akasema. "Kama ni kupotea, ningeshapotea na moshi. Nimekusamehe. Sasa niambie, hiyo treni inakwenda kweli, au mama ananidanganya?"

Raymond akasema inakwenda. Marselino akasema hajawahi kuisikia.

Basi wakaiwasha. Raymond aliunga waya wa betri, akaipandisha reli pale Kintinku, na ile treni yenye kichwa cha kuungwa ikaondoka barazani ikitoa mlio wake wa waipa na alumini. Ikateremka kwenye mchaichai, ikauzunguka mparachichi. Mama Marselino alichuchumaa kwenye kona ya jiko, simu kaishika karibu na nondo kama anayemlisha mtu. Kichwa kikafika kwenye kona, nusu ya mbele ikageuka, nusu ya nyuma ikafuata, mabehewa yakapita moja moja na lile la kopo la rangi likawa la mwisho. Hakuna lililoanguka.

"Imepita?" sauti ya Marselino ikauliza kwenye simu.

"Imepita," mama akamjibu.

Upande wa pili wa minyaa cherehani ikanyamaza. Tunu akauliza kwa sauti kama Mama Marselino amerudi, na pole na safari, na anaongea na nani. Mama Marselino akaitia simu kwenye kanga bila haraka.

"Nimerudi, mwanangu. Nitakuja jioni tuongee. Marselino ni mzima, anakusalimu."

Kisha akamgeukia Raymond, akamwambia kwa sauti ya chini: salamu wape wote, namba usimpe mtu. Raymond akaitikia. Treni ilikuwa imeshafika Kintinku na kusimama, na mama akasema aiachie tena, maana safari ile ya kwanza yeye hakuiangalia, alikuwa amefumba macho.